Kumkaribia Mgonjwa

Mwezi wa Machi, mwaka 2020, makanisa ya Kinoru yalifungwa kwa amri ya serikali, kama yalivyofungwa mengine yote ya Kenya, kwa sababu ya maradhi ya korona. Yamkini wewe, msomaji, wayakumbuka majira hayo. Wako waliouliza: je, yampasa Mkristo kujitenga na mgonjwa?

Swali hilo ni la kale. Katika karne ya 3, maradhi ya kuambukiza yalipoenea katika dola ya Rumi, Askofu Dionisio wa Aleksandria aliandika kwamba wengi wa kundi lake waliwauguza wagonjwa pasipo kujihadhari, wakafa pamoja nao. Mwaka 1527 tauni ilifika Wittenberg. Martin Luther hakuondoka. Walakini aliwashauri watu watumie dawa, wala wasiende mahali wasipohitajiwa.

Mfano ulio karibu nasi watoka Uganda. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2000, Dakta Matthew Lukwiya, mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, karibu na Gulu, alikuwa masomoni Kampala. Akaitwa arudi upesi, maana wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alisoma habari za Ebola ya Kongo, akazitambua dalili. Hakungoja maabara ithibitishe: alitenga wodi, akaamuru kila aingiaye avae glavu, barakoa na joho.

Angalia jambo hili vema. Mtu yule yule aliyeweka mipaka ndiye aliyeivuka kila siku. Hofu ilipowashinda wauguzi mwezi wa Novemba, wakataka hospitali ifungwe, alikaa nao saa nyingi akiwasihi, nao wakarudi kazini. Mimi naliona hilo kuwa gumu kuliko kufa.

Usiku mmoja alimhudumia muuguzi aliyekuwa akitokwa na damu. Alikuwa amevaa vyote isipokuwa kinga ya macho, na yadhaniwa ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba, mwenye umri wa miaka 43. Katika mlipuko ule waliugua watu 425, wakafa 224.

Alizikwa siku iyo hiyo katika uwanja wa hospitali, karibu na kaburi la Dakta Lucille Teasdale, mmoja wa waliomtangulia kuijenga. Waliomzika walijifunika mwili mzima, na waombolezaji walisimama mbali, kwa kanuni zile zile alizozisimamia yeye mwenyewe.