Nusu ya Aya: Biblia, Rangi na Wafundamentalisti wa Kusini mwa Marekani

Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1960, mhubiri Bob Jones Mkubwa, mwanzilishi wa chuo kikuu chenye jina lake huko Greenville, South Carolina, alihutubu redioni juu ya swali moja: je, kuwatenga weusi na weupe kuna msingi katika Maandiko? Jibu lake lilikuwa ndiyo, na aliliegemeza hasa kwenye aya moja, Matendo ya Mitume 17:26. Aya hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inasema Mungu aliyafanya mataifa yote ya wanadamu kutokana na mmoja. Ya pili inasema aliyawekea nyakati na mipaka ya makazi yao. Jones aliitaja ya kwanza kwa heshima, akaipita. Alipofika kwenye mipaka alitua, akajenga hoja yake yote hapo. Anayepinga utengano, alisema, anampinga Mungu mwenyewe. Hotuba hiyo ikachapishwa kuwa kijitabu na kusambazwa.

Wengi wanaoandika kuhusu ubaguzi wa Wakristo wa aina hii huueleza kama udhaifu wa kibinadamu: walilijua jema, wakashindwa kulitenda. Naona maelezo hayo yanawasamehe mapema mno. Umbali kati ya mafundisho na matendo ulikuwepo, lakini unafiki wenyewe ulikaa ndani zaidi, katika namna yao ya kusoma. Watu waliojitangaza kuwa hawaongezi neno wala kupunguza neno waliongeza yasiyokuwemo, wakaruka yaliyokuwemo, kisha matokeo yake wakayaita Neno la Mungu.

Jina la wafundamentalisti limetokana na mfululizo wa vijitabu 12 vilivyotolewa Marekani kati ya 1910 na 1915, vikitetea misingi ya imani dhidi ya theolojia ya kiliberali na uchambuzi mpya wa Biblia. Msingi wa kwanza ulikuwa kwamba Biblia haina kosa. Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa lililozaliwa Augusta, Georgia, mwaka 1845 kwa sababu Wabaptisti wa Kaskazini walikataa kuwateua wamiliki wa watumwa kuwa wamisionari, hawakuwa wote wafundamentalisti, na si haki kuwaweka wote katika kapu moja. Hata hivyo heshima yao kwa Biblia ilikuwa ileile, na katika suala la rangi walisoma kwa miwani ileile.

Mfano unaojulikana zaidi ni laana ya Hamu. Kwa zaidi ya karne moja wahubiri wa Kusini walifundisha kwamba Nuhu alimlaani Hamu, baba wa watu weusi, na kwamba utumwa wa Mwafrika ulikuwa utimizo wa laana hiyo. Fungua sura ya 9 ya Mwanzo. Anayelaaniwa ni Kanaani, mwana wa Hamu. Hamu halaaniwi, Kushi halaaniwi, Misri hailaaniwi. Rangi ya ngozi haitajwi popote. Sura inayofuata inawaweka wana wa Kanaani Sidoni na nchi zinazoizunguka, mbali kabisa na Afrika ya Magharibi walikokamatwa mababu wa watumwa wa Georgia. Aliyelaani ni mzee aliyeamka kutoka katika ulevi, na hakuna mstari unaosema Mungu aliidhinisha. Msomaji anayeheshimu kila herufi angeyaona haya yote kabla ya mtu mwingine yeyote. Hawakuyaona.

Sisi wa Maziwa Makuu tunamjua Hamu huyohuyo kwa sura nyingine. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, aliwapa watawala wa eneo hili asili ya Kihamu kutoka Uhabeshi, na baadaye wakoloni na wamisionari walilijenga wazo hilo hadi Mtutsi akawa Mhamu, mtu wa daraja la juu aliyezaliwa kutawala. Rwanda ililipa gharama ya fundisho hilo. Kwa hiyo mwana yuleyule wa Nuhu alikuwa mtumwa wa kudumu kule Mississippi na mtawala wa asili kule Rwanda. Hakuna usomaji wa maandishi unaoweza kuzaa majibu mawili yanayopingana namna hiyo. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na mahitaji ya mwenye nguvu, na aya ikaja baadaye kulitilia muhuri.

Yaliyorukwa ni mengi kuliko yaliyoongezwa. Katika Hesabu 12, Miriamu na Haruni wanamsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, na adhabu inamwangukia Miriamu, mlalamikaji. Mtu akitafuta katika Biblia hukumu juu ya ndoa ya Mwisraeli na mwanamke mweusi, hii hapa, na haiko upande wa wanaopinga. Katika Matendo 8, towashi Mkushi anabatizwa kandokando ya njia, bila kuulizwa atakaa benchi gani.

Sura nzito kuliko zote ni ya pili katika Waraka kwa Wagalatia. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa huko Antiokia. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo aliogopa, akajitenga na meza, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo alimpinga mbele ya watu wote, akaliita jambo hilo unafiki, akasema hawaenendi sawasawa na kweli ya Injili. Petro hakuwa amebadilisha fundisho hata moja. Imani yake juu ya Kristo ilikuwa kamili. Alihama meza tu. Kwa Paulo, hilo peke yake liliigusa Injili kwenye moyo wake. Ukiisoma sura hiyo katika mji wa Kusini mwa Marekani wa miaka ya 1950, ambako mweusi hakuruhusiwa kukaa meza moja na mweupe, huhitaji mfasiri. Mtume mkuu alikemewa hadharani kwa kosa lilelile ambalo mashemasi wa mji walilitenda kila siku kwa jina la Mungu.

W. A. Criswell alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kwanza la Baptisti la Dallas, moja ya makanisa makubwa kabisa ya dhehebu hilo. Februari 1956 alikwenda South Carolina kutetea utengano mbele ya viongozi wa kanisa na, siku iliyofuata, mbele ya bunge la jimbo. Mwaka 1968, alipochaguliwa kuwa rais wa Wabaptisti wa Kusini, aligeuka akatangaza kwamba milango ya kanisa lake iko wazi kwa wote. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu chake kinachoeleza kwa nini anahubiri kwamba Biblia ni kweli neno kwa neno. Toba yake naipokea. Ninachokiona ni kwamba kati ya 1956 na 1968 Biblia haikuongezwa hata nukta. Kilichobadilika ni sheria za nchi na hewa ya mji. Kama maandishi yaleyale, kwa msomaji yuleyule anayedai kuyafuata neno kwa neno, yaliweza kubariki utengano na kisha kuukataa, basi kilichomwongoza mara ya kwanza hakikuwa maandishi.

Mwaka huohuo wa 1956 ndipo Wabaptisti wa Kusini walipoanza kazi yao ya umisionari Kenya na Tanganyika. Miaka michache baadaye walifungua chuo cha theolojia Arusha. Makanisa mengi ya Kibaptisti tunayoyajua hapa ni watoto wa kazi hiyo. Kila Desemba washirika wa Kusini walitoa sadaka maalumu, yenye jina la mmisionari Lottie Moon, ili Injili ifike ng'ambo, Afrika ikiwemo. Washirika haohao wangemzuia mlangoni Mwafrika aliyeokoka kwa sadaka yao.

Hili si fumbo. Sam Oni, kijana wa Ghana aliyeongoka kwa kazi ya wamisionari wa Kibaptisti, alisaidiwa na mmoja wao kujiunga na Chuo Kikuu cha Mercer, chuo cha Kibaptisti mjini Macon, Georgia. Mwaka 1963 akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi chuoni hapo. Kanisa moja la mji, Vineville, lilimpokea, na hilo lazima lisemwe. Lakini kanisa la Tattnall Square, lililosimama ndani ya eneo la chuo, lilipiga kura kutowaruhusu weusi kuabudu humo. Tarehe 25 Septemba 1966 Oni alikwenda kusali akazuiwa ngazini na watu wa kanisa. Ndani, siku hiyohiyo, kusanyiko lilimwachisha kazi mchungaji wake, Thomas Holmes, pamoja na wasaidizi wake wawili, kwa sababu walitaka mlango ufunguliwe. Wamisionari waliokuwa Afrika walikuwa wakiwaandikia watu wa nyumbani kwamba habari za namna hii zinawaaibisha mbele ya wale wanaowahubiria. Walisikilizwa kidogo sana.

Katika siasa mwendo ulikuwa uleule. Jerry Falwell, mchungaji wa Lynchburg, Virginia, alihubiri mwaka 1958 kuitetea mipaka ya rangi baada ya Mahakama ya Juu kupiga marufuku utengano mashuleni. Machi 1965, wakati wa maandamano ya kudai haki za weusi huko Selma, aliwalaumu wachungaji wanaoandamana: kazi ya mhubiri ni kuokoa roho, siasa si yake. Mwaka 1967 alifungua shule ya Kikristo ambayo ilianza ikiwa ya weupe. Mwaka 1979 aliunda vuguvugu la kisiasa la Moral Majority na kuwahimiza wachungaji waingie katika uchaguzi. Mwaka 1985 alirudi kutoka Afrika Kusini akimwita Askofu Desmond Tutu laghai, kisha akaomba radhi kwa neno hilo. Fundisho la kwamba kanisa lisijihusishe na siasa lilidumu muda ule tu siasa ilipokuwa haki ya mtu mweusi.

Mwanahistoria Randall Balmer anasisitiza kwamba kilichowaamsha kisiasa viongozi kama Falwell kilikuwa kodi, kabla ya suala la utoaji mimba. Wapo wanaompinga, lakini mfuatano wa matukio una uzito. Baada ya wazazi weusi wa Mississippi kushinda kesi, serikali ilianza kuzinyima msamaha wa kodi shule binafsi zinazobagua. Chuo Kikuu cha Bob Jones hakikuwapokea weusi hadi 1971, na kwa miaka minne kilipokea weusi waliooa au kuolewa tu. Kilipowafungulia wengine mwaka 1975, kilikataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana. Mwaka 1976 kikanyang'anywa msamaha. Kikaenda mahakamani, kikisema katazo hilo ni imani ya dhati itokayo katika Biblia. Tarehe 24 Mei 1983 Mahakama ya Juu, kwa kura nane dhidi ya moja, ilikikatalia.

Miaka kumi na saba baadaye, George W. Bush alipozuru chuo hicho akigombea urais, kelele zikazuka nchi nzima. Machi 2000, Bob Jones wa Tatu, mkuu wa chuo, alitokea katika televisheni akaliondoa katazo, akakiri kwamba hawana aya ya kulisimamishia. Kile kilichotetewa hadi mahakama ya mwisho ya nchi kuwa agizo la Mungu kilifutwa katika mahojiano ya jioni moja. Mwaka 2008 chuo kikaomba radhi rasmi, kikasema kwamba kwa muda mrefu sera zake juu ya rangi ziliongozwa na mazingira ya kibaguzi ya Marekani kuliko na Maandiko.

Tamko hilo ni zito kuliko waliolitoa walivyokusudia. Chuo kilichoanzishwa ili kulinda vijana wasichukuliwe na ulimwengu kinakiri kwamba ulimwengu ulikuwa umekaa mimbarani, ukizungumza kwa sauti ya Maandiko, na walinzi hawakuutambua. Haitoshi basi kuitubia sera. Namna ya kusoma iliyoiruhusu ndiyo inayopaswa kuhojiwa, na hiyo tamko haliigusi.

Watetezi husema watu wale walikuwa watoto wa zama zao, na kwamba waliberali nao walibagua. La pili ni kweli kabisa. Kulikuwa na wanasayansi na maprofesa waliotetea ubora wa mzungu kwa vipimo vya mafuvu. Lakini mwanasayansi yule hakudai kwamba anasema kwa kinywa cha Mungu asiyebadilika. Anayedai kusimama juu ya zama hawezi kujitetea kwa zama.

Tena si kila mtu wa zama zile alisoma hivyo. Clarence Jordan alizaliwa Georgia, alikuwa Mbaptisti, na alipata shahada ya uzamivu katika Agano Jipya la Kigiriki kwenye seminari ya Wabaptisti wa Kusini kule Louisville. Mwaka 1942 alianzisha na wenzake shamba la Koinonia karibu na Americus, ambako weusi na weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja, kwa sababu ndivyo alivyoona Matendo ya Mitume inavyoagiza. Mwaka 1950 kanisa lake la Rehoboth lilimfukuza yeye na wenzake. Kisa kilichowasha moto kilikuwa kumleta ibadani mwanafunzi kutoka India mwenye ngozi nyeusi. Baadaye shamba lilisusiwa na wafanyabiashara wa wilaya, likatupiwa mabomu na kupigwa risasi.

Jordan alikuwa na Biblia ileile, katika jimbo lilelile, miaka ileile. Aliisoma aya nzima. Kanisa lililomtoa lilijinyima mtu ambaye angeweza kulisahihisha kutoka ndani, kwa lugha yake lenyewe, kama Tattnall Square ilivyojinyima Holmes. Ndiyo maana marekebisho, yalipofika, yaliletwa na watoza kodi, majaji na wapiga kura.