Bakteria Wanaoondoa Fosforasi Katika Majitaka na Nafasi Yao Katika Kulinda Bahari ya Unguja

Fosforasi ni kirutubisho kinachohitajiwa na kila kiumbe hai. Binadamu huipata katika chakula na huitoa kwa njia ya mkojo na kinyesi. Nyingine hutokana na mabaki ya jikoni na baadhi ya sabuni za kufulia. Shambani fosforasi ni mbolea, lakini inapoingia baharini kwa wingi hugeuka kuwa uchafuzi.

Suala hili linaigusa Zanzibar moja kwa moja. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa miaka mingi umekuwa ukipeleka majitaka yake baharini kwa mabomba bila kuyasafisha. Mbele ya mji huo kuna visiwa vya Changuu, Bawe na Chapwani, ambavyo miamba yake ya matumbawe ni makazi ya samaki na kivutio cha wageni.

Athari kwa matumbawe

Mwaka 1995, watafiti wa Tanzania na Sweden, akiwemo Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu miamba iliyo karibu na mji wa Zanzibar. Walichunguza mwani wenye chokaa, ambao huunganisha vipande vya matumbawe na kuuimarisha mwamba. Mwani huo ulionekana kupungua kadiri mwamba ulivyo karibu na mji, na majaribio yao yalionesha kuwa fosfati hudumaza ukuaji wake. Kwa hiyo, madhara ya majitaka hayaishii kwenye harufu na vijidudu vya maradhi; yanafika hadi kwenye msingi wa mwamba wenyewe.

Namna bakteria wanavyofanya kazi

Mtambo wa kawaida wa kusafisha majitaka hutumia bakteria kula uchafu unaooza, lakini sehemu kubwa ya fosforasi hubaki ndani ya maji. Ili kuiondoa, wahandisi huweza kutumia chumvi za chuma au aluminiamu, au kuwapa nafasi bakteria wenye uwezo wa kulimbikiza fosforasi. Wanaofahamika zaidi miongoni mwao wamepewa jina la kisayansi la Accumulibacter.

Bakteria hao hupitishwa katika hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, majitaka huwekwa kwenye tangi lisilo na oksijeni. Humo bakteria hufyonza asidi nyepesi zinazotokana na uchafu unaooza na kuzihifadhi kama akiba ya chakula. Nguvu ya kufanya hivyo huipata kwa kuvunja akiba yao ya fosforasi, hivyo kiasi cha fosfati katika maji huongezeka kwa muda.

Katika hatua ya pili, hewa hupulizwa ndani ya tangi. Bakteria hutumia chakula walichokihifadhi, hupata nguvu nyingi na kufyonza fosforasi kuliko ile waliyoitoa awali. Baadaye hutuama pamoja na tope. Sehemu ya tope hurudishwa kwenye tangi la kwanza ili kazi iendelee, na ziada huondolewa. Tope la kawaida huwa na fosforasi ya takriban asilimia 2 ya uzito wake mkavu. Tope la bakteria hao huweza kufikia asilimia 5 hadi 7.

Uwezo huo ulielezwa nchini Marekani mwaka 1965 na watafiti Gilbert Levin na Joseph Shapiro. Katika miaka ya 1970, mhandisi James Barnard wa Afrika Kusini aliendeleza matumizi yake mitamboni.

Joto na umeme

Maji ya joto huweza kuwapa nafasi bakteria wengine wanaokula chakula hicho hicho bila kulimbikiza fosforasi. Hata hivyo, mitambo ya Singapore imethibitisha kuwa njia hii hufanya kazi katika maji yenye joto la nyuzi 30 hivi. Jambo la lazima ni umeme wa uhakika wa kupuliza hewa, pamoja na mafundi wa kuusimamia mtambo kila siku.

Tope liende wapi

Bakteria hawaiangamizi fosforasi. Wanaihamisha kutoka majini hadi kwenye tope. Tope likiachwa muda mrefu bila hewa, huirudisha fosforasi kwenye maji. Likitupwa ufukweni au katika mtaro, kazi yote huwa bure. Likishughulikiwa ipasavyo, fosforasi yake huweza kuwa mbolea, kirutubisho kile kile ambacho Tanzania huchimba Minjingu, mkoani Manyara.

Mahali pasipo na mtambo, kanuni ni hiyo hiyo: kuizuia fosforasi kabla haijafika baharini. Hifadhi ya Chumbe, kusini mwa mji, hutumia vyoo vya mboji visivyotoa majitaka, na maji ya kuogea na kufulia huchujwa kwa mimea. Kwa wananchi, hatua za msingi ni kutounganisha vyoo na mitaro ya maji ya mvua, kunyonya makaro kabla hayajafurika, na kuhakikisha gari la kunyonya linamwaga majitaka mahali palipoidhinishwa.