Taa na Majina Yake: Kutoka Karabai hadi Nusukipitishi cha Kaboni

Historia ya istilahi za mwanga katika pwani ya kaskazini inatufunza kwamba jina huweza kudumu hata baada ya sababu yake kutoweka. Karabai ilipata jina kutokana na kabidi, kemikali ambayo ikitiwa maji hutoa gesi iwakayo. Baadaye taa ya pampu, itumiayo mafuta ya taa, ililirithi jina hilo. Wavuvi wakaenda nayo baharini usiku pasipo kuijua kabidi.

Majirani zetu wa Kenya huuita umeme stima, neno lililotokana na mvuke. Lakini nguvu za Mto Pangani hazitokani na mvuke: kituo cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964, na kile kipya cha Pangani, chenye megawati 68, mwaka 1995. Umeme, jina la kale la mwako wa radi, halikufungwa na mtambo wala kuni. Ndiyo maana halikupitwa na wakati.

Leo suala hilo limerudi kwa sura nyingine. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walitangaza taa ya matabaka membamba ya molekuli za kaboni, ambayo uzao wake umo katika vioo vya simu nyingi. Kivumishi cha Kiingereza kinachoitambulisha ndicho kile kile cha kilimo cha samadi. Mfasiri akiandika "taa asilia" atampotosha msomaji, kwani molekuli hizo hubuniwa na kuundwa maabarani. Sifa yake ni kiunzi cha kaboni. Basi na tuseme nusukipitishi cha kaboni.

Utendaji wake nao unadai uangalifu. Upande mmoja huingia elektroni. Upande wa pili huingia matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni. Vikikutana, molekuli husisimka. Katika kila misisimko minne, mmoja tu kwa kawaida huzaa mwanga. Mitatu hupotea bure. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliiokoa hiyo mitatu kwa kutumia molekuli yenye platini, metali ya ghali. Mwaka 2012 Chihaya Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, waliepuka metali hizo: walipunguza pengo la nishati baina ya hali mbili za msisimko, hata joto la kawaida likatosha kuivusha molekuli kutoka hali ya giza hadi ile ya mwanga.

Hapa tundu na pengo ni dhana mbili. Mwalimu akizichanganya, somo zima litavurugika. Hatuna budi, basi, kuuliza kwanza kitu kinafanyaje kazi, ndipo tukipe jina.