Nyuzi za Piano: Faida na Hasara ya Nguvu

Watu wasikilizapo piano humsifu mpigaji na mtungaji, wakazisahau nyuzi. Walakini historia ya ala hii, tangu Bartolomeo Cristofori alipoiunda mjini Florence karibu na mwaka 1700, kwa sehemu kubwa ni historia ya nyuzi zake.

Kanuni ilikwisha elezwa na Mfaransa Marin Mersenne tangu mwaka 1636: uzi mrefu hutoa sauti ya chini, uliokazwa hutoa ya juu, na mzito hutetemeka polepole. Yaelekea basi kuwa sauti nene yahitaji uzi mnene tu. La, sivyo. Uzi mnene na mfupi ni mgumu kupindika. Sauti ndogo ziandamanazo na sauti kuu hupanda kupita kipimo chake, na mlio ukavurugika. Kwa sababu hiyo mafundi huuzungushia uzi waya wa shaba nyekundu, uzito ukaongezeka bila ya ugumu kuzidi.

Nyuzi za kwanza zilikuwa nyembamba, za chuma na shaba ya manjano, zikabebwa na kiunzi cha mbao. Kumbi zilipopanuka katika karne ya 19, sauti yake haikutosha. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma kilichosubiwa kipande kimoja. Baadaye nyuzi za chuma cha pua zikakazwa mno, hata mvuto wake wote katika piano kubwa ya leo wafikia takriban tani 20. Mwaka 1859 Steinway wa New York wakapata hataza ya kuzipitisha nyuzi nene kimshazari juu ya nyinginezo katika piano kubwa. Zikapata urefu, na daraja lake likasogea katikati ya ubao wa sauti.

Je, hayo yalikuwa maendeleo matupu? Sikubali. Mshika mbili moja humponyoka: sauti ilijaa, lakini nene na nyembamba zikachanganyika, ambapo katika nyuzi sambamba kila tabaka husikika peke yake. Mozart na Beethoven walitunga kabla ya mabadiliko hayo. Tukiona mikono yao ya kushoto kuwa mizito, yafaa tuichunguze ala kwanza kabla ya kumlaumu mtungaji. Mwaka 2015 Daniel Barenboim alionyesha mjini London piano mpya ya nyuzi sambamba, kazi ya Chris Maene wa Ubelgiji. Hakuirudisha piano nyuma. Alidai kilichoachwa njiani. Na mwanahistoria naye, aandikapo habari za chombo chochote, hana budi kuhesabu kilichopatikana pamoja na kilichopotea.