Urugo na Ua: Jinsi Watu wa Cyangugu Walivyojilinda na Wanyama wa Mwitu

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha wilayani Rusizi, mahali ambapo wengi wetu bado twapaita Cyangugu, hapati taabu kubwa kulieleza neno "ua" la ngeli ya U-ZI, lile ambalo wingi wake ni "nyua". Wanafunzi hulijua jambo lenyewe kabla ya kulijua neno. Katika Kinyarwanda jambo hilo huitwa urugo. Na urugo, kama ulivyo ua wetu, ni wigo unaoizunguka nyumba na pia ni uwanja uliomo ndani ya wigo huo. Ila Kinyarwanda kimekwenda mbele zaidi, kwani urugo ni jamaa wenyewe, yaani mume na mke na watoto na kila kinachokula kwa mkono wao, hata kijana anayeoa husemwa kwamba anajenga urugo. Katika makala haya twataka kueleza wigo huo ulikuwa na kazi gani, na ni nini kilichotokea ulipoacha kuifanya.

Mashariki ya wilaya yetu upo msitu wa Nyungwe. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliutangaza kuwa msitu wa akiba mwaka 1933. Mwaka 2005 ukafanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2023 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa wazee wetu, hata hivyo, msitu ulikuwa jirani asiyebisha hodi. Humo walikuwamo ndovu, mbogo, chui, nguruwe mwitu, mbweha na mondo. Msomaji wa pwani atafurahi kusikia kwamba mbogo kwetu ni imbogo, mondo ni imondo, nguruwe ni ingurube, na fisi wa hadithi, yule anayedanganywa kila mara na sungura, ni impyisi. Lugha zetu zilirithi majina haya kwa babu mmoja, na bila shaka zilirithi pamoja nayo hofu ya usiku.

Wigo wa urugo haukuwa wa vijiti vikavu tu. Aghalabu ulikuwa wa miti hai. Palipandwa umuyenzi, yaani mnyaa, ambao utomvu wake mweupe huunguza jicho la mtu na la mnyama vilevile. Palipandwa umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, ambao tawi lake likichomekwa ardhini huchipua likawa mti mkubwa. Mpaka leo mivumu mikongwe iliyosimama peke yake juu ya kilima humwonyesha mpita njia mahali palipokuwa na makao ya watu zamani. Mnyama aliyezunguka wigo wa namna hiyo hakuona njia ila moja, nayo ni irembo, yaani lango, lililozibwa jua lilipotua. (Siku hizi Irembo ni jina la mtandao ambao Wanyarwanda huombea vyeti na vibali vya serikali. Lango limebaki, bali chui hayupo.) Katikati ya uwanja uliwaka igicaniro, moto wa ng'ombe, ambao moshi wake ulifukuza inzi na mwanga wake ukawatisha wanyama wa usiku. Ndama na mbuzi, walio riziki nyepesi ya chui, walilazwa karibu na watu.

Isidhaniwe kwamba wazee waliamini wigo unatosha. Ryangombe, shujaa mkuu wa ibada ya kale ya kubandwa, alikuwa mwindaji hodari kuliko wote, na masimulizi yanasema kwamba aliuawa na mbogo, akafia penye mti wa umuko, ule wenye maua mekundu. Kwa hiyo umuko uliheshimiwa na kupandwa karibu na nyumba. Sisi twaona hapo ungamo la watu waliojua kwamba hata aliye hodari hurudi nyumbani amebebwa.

Mlinzi wa pili alikuwa mbwa. Mbwa wa kuwinda walivishwa kengele shingoni ili mwindaji awasikie kichakani, na usiku walilala irembo. Historia ya mbwa nchini Rwanda haiwezi kuandikwa bila kuutaja mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilikaa bila kuzikwa na mbwa walizila. Baadaye, askari walipoziteka sehemu mbalimbali za nchi, waliwapiga mbwa risasi. Kwa miaka mingi baada ya hapo nchi ilikuwa na mbwa wachache mno, na wapo watu wazima, rika letu, ambao mpaka leo hawawezi kumvumilia mbwa uani. Hatuwalaumu. Lakini wale waliozaliwa baadaye wameanza tena kufuga, na kwao hatuna budi kusema jambo moja: mbwa anayelinda ukingoni mwa msitu hukutana na mbweha, na mbwa asiyechanjwa huweza kuwaletea kichaa wale anaowalinda. Jeraha la meno huoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu hukimbizwa hospitali kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo.

Kuhusu mamba, msomaji asiyeijua nchi yetu hutuuliza mara nyingi, kwa sababu amesikia habari za Gustave, mamba wa Burundi ambaye Patrice Faye alijaribu kumnasa bila kufaulu mwaka 2002. Ni kweli kwamba Gustave alijulikana kwenye mto huuhuu wa Rusizi, ila ni kule chini unakoingia Tanganyika. Ziwa Kivu, ambamo mto huu huanzia, halina mamba, na watoto wa Kamembe huoga.

Wanyama wakubwa walikwisha. Mbogo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa katika miaka ya 1970, na mzoga wa ndovu wa mwisho ulionekana mwaka 1999. Chui ni wa kusimuliwa zaidi kuliko wa kuonekana. Waliobaki ni wale ambao wazee waliwadharau: nyani, tumbili, nguruwe mwitu, na fungo anayenyemelea kuku. Na hapo ndipo ilipo taabu yetu ya leo. Zamani nyumba ilikaa katikati ya shamba lake, na aliyelinda nyumba alilinda na mihogo. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990 serikali imewahimiza watu kukaa pamoja katika imidugudu, karibu na barabara, maji na shule. Jambo jema kwa mengi, ila shamba limebaki mbali, penye msitu, bila ua na bila mtu. Katika kipande kidogo cha msitu wa Cyamudongo, kilichotengwa na Nyungwe, wamo hata sokwe, na mashamba yamekizunguka pande zote. Chai hailiwi na nyani, nayo ni wigo mzuri kwa aliye nayo. Maskini hupanda mahindi.

Sheria imefanya sehemu yake. Tangu mwaka 2011 aliyedhuriwa na mnyama wa hifadhi, mwilini au katika mali, ana haki ya kulipwa fidia. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii hurudishwa kwa wakazi wa kando ya hifadhi, kwanza asilimia 5, na kuanzia mwaka 2017 asilimia 10. Lakini fidia huja baada ya hasara, na mzazi mwenye shamba moja hapendi kungoja hasara. Humtuma mtoto akalinde.

Sisi walimu twalijua jambo hili kwa daftari la mahudhurio. Mahindi yanapokomaa, mwezi wa Januari na Februari, madawati ya nyuma huwa matupu. Mwaka mmoja tulimwuliza mvulana aliyekosa wiki mbili kwa nini hakuja, akajibu kwa Kiswahili: "Mwalimu, nyani zinajua siku za shule." Tulimsahihisha kwamba husemwa "nyani wanajua", kisha tukakosa la kumjibu.