Tarehe ya Jarrow, Nyumba ya Vioo na Ngozi

Mwaka 674 Mfalme Ecgfrith wa Northumbria alimpa mtawa Benedict Biscop ardhi ya kulisha kaya 70, kwenye mlango wa mto Wear, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Hivyo ndivyo ardhi ilivyopimwa kwa Waingereza wa kale: kwa idadi ya kaya inazoweza kuzibeba. Biscop alikuwa mtoto wa ukoo bora, mtumishi wa mfalme aliyeacha utumishi akiwa na miaka 25 hivi akashika njia ya Roma. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, mpaka safari zake zikawa kama za nahodha na misimu yake: kila akirudi, ana shehena. Alileta vitabu, masalia ya watakatifu na picha za kutundika kanisani ili asiyejua kusoma naye aone. Safari moja alirudi na mtu, Yohane, kiongozi wa waimbaji wa Mtakatifu Petro kule Roma, aje awafundishe watawa kuimba jinsi Roma inavyoimba.

Watu wa Northumbria wakati huo walijenga kwa mbao. Biscop alitaka mawe, akawafuata waashi Gaul, yaani Ufaransa ya leo. Jengo lilipokaribia kwisha akaagiza huko huko mafundi wa vioo, maana kazi hiyo kwao haikuwa na mwenyewe. Mafundi wakaziba madirisha, wakawafundisha wenyeji. Vioo hivi tuviweke akilini, tutavirudia.

Miaka michache baadaye mfalme akaongeza ardhi ya kaya 40 huko Jarrow, kando ya mto Tyne, na Biscop akampeleka mtawa Ceolfrith awe abati wa huko. Nyumba zikawa mbili, jamaa moja. Jiwe la kuweka wakfu kanisa la Jarrow lingali ukutani hadi leo: 23 Aprili 685, mwaka wa 15 wa Mfalme Ecgfrith. Hakupata mwezi mwingine mzima. Tarehe 20 Mei aliuawa vitani na Wapikti, majirani wa kaskazini.

Mwaka mmoja hivi baadaye tauni ikaingia Jarrow, ikafagia kila mtawa aliyejua kusoma au kuimba sala za kwaya. Akabaki Ceolfrith na mtoto mmoja wa kiume. Abati, kwa uchungu, akaamuru zaburi zisomwe bila viitikizano. Wiki moja tu, akashindwa. Machozi yanamtoka, akarudisha utaratibu wote, wawili hao wakaimba ibada nzima mpaka wengine walipofunzwa. Wengi huamini mtoto yule alikuwa Bede, mtawa aliyekuja kuandika historia ya kanisa la Waingereza. Mwandishi wa habari hiyo hakumtaja jina, nami sitampa jina.

Biashara ya nyumba hizi ilikuwa vitabu, na vitabu havikuwa rahisi. Biscop alipatana na Mfalme Aldfrith, aliyemrithi Ecgfrith, kumuuzia kitabu kimoja cha elimu ya dunia. Biscop akafa kabla ya kukabidhiana, Ceolfrith akamaliza mapatano: kitabu kwa ardhi ya kaya nane. Majoho mawili ya hariri kutoka Roma yalikuwa yamewapatia ardhi ya kaya tatu tu. Kwa soko la Northumbria, basi, kitabu kilishinda hariri.

Lakini Ceolfrith hakutosheka na kununua. Aliamuru zinakiliwe Biblia tatu, kila moja nzima ndani ya jalada moja, jambo lililokuwa adimu siku hizo. Ngozi ililowekwa kwenye chokaa, ikawambwa, ikaparuzwa hadi ikawa laini, ndipo mwandishi akaishika kalamu yake ya unyoya. Iliyosalia nzima kati ya zile tatu ina kurasa za ngozi zaidi ya 2,000, uzito wake kilo 34 hivi, na makisio yanayotajwa sana ni ndama zaidi ya 500 kwa kitabu hicho kimoja. Hesabu hiyo si ya maktaba, ni ya zizi. Pasipo malisho yale ya kaya 70 na kaya 40, pasingeandikwa hata Mwanzo.

Juni 716 Ceolfrith, mzee wa miaka 74, aliwaaga ghafla watawa wapatao 600 akapanda jahazi aipeleke Biblia moja kwa Mtakatifu Petro. Hakufika. Alifia Langres, Gaul, tarehe 25 Septemba. Wenzake wengine walirudi, wengine wakaendelea na zawadi. Baadaye kitabu kikawa katika monasteri ya Monte Amiata, Italia, na mtu akalikwangua jina la Ceolfrith wa Waingereza kwenye ukurasa wa zawadi akaandika juu yake Petro wa Walombardi. Kwa karne nyingi wasomi walikisifu kama kazi safi ya Kiitalia. Katika karne ya 19 ndipo waliposoma kilichokuwa chini ya makwangurio. Sasa kinakaa Florence. Mwaka 2018 kiliazimwa London kwa maonyesho, mara ya kwanza kurudi Uingereza baada ya miaka 1302.

Bede alikuwa amekabidhiwa kwa Biscop akiwa na miaka saba, na hakuondoka tena ila kwa safari fupi. Wakatoliki wa kwetu humwita Mtakatifu Beda. Mwaka 731 alimaliza historia ya kanisa la Waingereza akihesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo, hesabu iliyoenea Ulaya kwa sehemu kubwa kupitia vitabu vyake. Mvuvi wa Lamu angependa zaidi kitabu chake cha mwaka 725 juu ya majira: ndani yake alieleza bamvua na maji mafu yanavyomfuata mwezi, na kwamba kila bandari ina saa yake ya kujaa, hata zikiwa pwani moja.

Alipokuwa kitandani akikaribia kufa Mei 735, akisomesha na kutafsiri Injili ya Yohane katika Kiingereza cha wakati ule, aliomba kijisanduku chake akawagawia mapadre alivyokuwa navyo: vitambaa, uvumba na pilipili manga. Pilipili manga siku hizo ilitoka pwani ya kusini-magharibi mwa India. Chembe zile zilivuka Bahari ya Hindi, bahari yetu, zikaishia mkononi mwa mtawa kando ya Tyne.

Mwaka 764 Abati Cuthbert, mwanafunzi wa Bede aliyeandika habari za kifo hicho, alimwandikia Askofu Lul wa Mainz. Alimwomba radhi kwamba vitabu vya Bede vilivyoagizwa vimechelewa kunakiliwa: kipupwe kilikuwa cha kutisha, kikachelewesha mikono ya waandishi. Halafu akaomba fundi wa kutengeneza vyombo vya kioo, kwa kuwa ufundi huo kwao haupo. Haikupita hata miaka 100 tangu Biscop alete mafundi wake.

Yaliyofuata hayana urefu. Mwaka 794 majahazi ya Waviking yaliishambulia nyumba ya Ecgfrith kwenye mlango wa mto, na nyumba hiyo wengi huitambua kuwa Jarrow. Karne iliyofuata watawa wakatoweka. Mwanzoni mwa karne ya 11 Alfred Westou, mtunza masalia wa Durham, aliyekuwa akizuru Jarrow kila mwaka siku ya Bede, aliondoka alfajiri moja bila kuaga. Akiulizwa mifupa ya Bede iko wapi, alijibu kwamba hakuna anayejua kumshinda yeye. Mifupa iko Durham.

Katika miaka ya 1070 mtawa Aldwin wa Winchcombe, aliyekuwa amesoma kitabu cha Bede, alikwenda kaskazini kwa miguu na wenzake wawili na punda mmoja aliyebeba vitabu na mavazi ya ibada. Wakaezeka magofu ya Jarrow kwa miti na nyasi. Mwaka 1083 wakahamishiwa Durham.

Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Rosemary Cramp na wachimbaji wake walifukua Jarrow vipande vya vioo vya madirisha: buluu, kijani, rangi ya kaharabu. Baadhi vimewekwa katika dirisha moja dogo la kanisa. Mpangilio ni wa mafundi wa leo. Kioo ni cha watu wa Gaul na wanafunzi wao.