Pazia la Kugeuza

Magazeti ya michezo huandika kwamba pazia la ligi limefunguliwa. Wapenda siasa hutaka kujua yanayopikwa nyuma ya pazia. Katika misemo hii pazia lina hali mbili tu: wazi au limefungwa. Ndiyo maana neno hilo linapwaya likivishwa vile vipande virefu vinavyoning'inia madirishani kwenye mabenki.

Wauzaji huviita mapazia ya ofisini. Jina hilo hutaja makazi, si tabia, nalo hukosea siku vinapohamia sebuleni. Mwanaistilahi angependekeza "pazia wima". Ni fupi, lakini pazia gani hulala? Hata kanga iliyotundikwa mlangoni imesimama wima.

Wima uliopo ni wa vipande, nao una kazi. Dar es Salaam, jua la asubuhi na la alasiri huingia kwa chini, kutoka mashariki na magharibi. Kipande kilichosimama, kikigeuzwa kidogo, hulikinga bila kuuzima mwanga wote. Jua likiwa juu, vipande vya mlalo hulikinga vyema zaidi.

Basi siri imo katika kitenzi. Kamba husogeza vipande pembeni, mnyororo huvigeuza. Mlango mpana wa kioo hufunikwa bila kunyanyua uzito wowote, vumbi halipati pa kutua kwa urahisi, na kipande kimoja kikichanika hubadilishwa peke yake.

Lakini chenye kugeuka hugeuzwa pia na kisichotakiwa. Kusi ikivuma dirisha likiwa wazi, vipande hugongana na kupindana, na vijinyororo vya chini hukatika. Hata vikifungwa kabisa, mwanga hupenya kwenye maungio. Anayelala mchana baada ya zamu ya usiku hatavipenda. Kubwa zaidi, kamba inayoning'inia yaweza kumnyonga mtoto: ikazwe ukutani, au ichaguliwe aina ya kuendeshwa kwa kijiti.

Tuseme "pazia geuzi"? Wingi wake ni "mapazia mageuzi", na hapo tumeshaingia kwenye kampeni za vyama. Tunacho tayari kitanda cha kukunja na mlango wa kusukuma. Kwa mfano huohuo, nachagua pazia la kugeuza, la wima au la mlalo. Mteja akilitaja hivyo, fundi atajua swali la kwanza la kumuuliza: dirisha lako linatazama wapi?